Kabla ya Kupanda, Uliza Ukoo

Jana jioni mnyanya ulikuwa umesimama imara, matunda ya kwanza yakining'inia. Leo saa saba mchana majani yamelegea, ingawa bado ni mabichi, hayana doa wala umanjano. Usiku yanajiinua kidogo. Kesho kutwa hayainuki tena. Mwenye bustani, awe Kitale mjini au Chwele kule Bungoma, hukimbilia ndoo ya maji. Hajakosea kuona kiu, maana mmea kweli una kiu. Ila maji yako tele mizizini na hayapandi.

Anayeyazuia ni bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, ambaye mwanasayansi wa Marekani, Erwin F. Smith, alimweleza mwaka wa 1896. Huishi udongoni na huingilia vidonda vya mizizi, pale palipokwaruzwa na jembe wakati wa palizi au palipotobolewa na minyoo fundo. Akifika kwenye mirija inayopandisha maji, huzaana kwa wingi na kutoa ute mzito unaoiziba. Huo ndio mnyauko bakteria.

Kuutambua hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikizama kidogo tu, wala usitikise. Tazama kwa dakika chache. Kama ni yeye, nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kushuka kutoka kwenye shina, nyembamba kama moshi wa ubani uliogeuzwa chini juu. Zisiposhuka, na majani yalianza kugeuka manjano kutoka chini, huenda ni kuvu wa Fusarium. Ng'oa pia mzizi uutazame: ukiwa na vinundu vinundu, minyoo fundo wapo.

Hapo wengi wetu hufanya kosa moja. Nyanya zikifa, tunasema udongo umezichoka, tunapanda managu. Managu yakinyauka, tunajaribu viazi, kisha pilipili hoho. Tunadhani tumebadilisha mazao, kumbe tumebadilisha majina tu. Nyanya, viazi mbatata, biringanya, pilipili na managu, ambayo watu wa pwani huyaita mnavu, wote ni wa familia moja ya mimea, na bakteria huyu anawapenda wote.

Wabukusu wana somo hili tangu jadi. Kijana akileta mchumba, wazee huuliza ukoo wake, wa baba na wa mama, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani. Bustani nayo inataka swali hilohilo. Palipokufa nyanya, asifuate ndugu yake. Ipishe vitunguu, sukuma wiki, kabichi au mahindi kwa misimu kadhaa. Ng'oa pia viazi vilivyojiotea na managu ya porini, maana mmea mmoja wa ukoo huo uliosahauliwa pembeni unatosha kumlisha adui mpaka nyanya zirudi.

Tujiulize pia aliingiaje. Bakteria hana miguu. Sisi ndio tunaombeba. Husafiri na tope la gumboti, na jembe la kuazima, na maji yanayotiririka kutoka shamba la juu. Husafiri pia ndani ya kiazi cha mbegu kinachoonekana kizima kabisa. Kwa hiyo tafuta mbegu iliyothibitishwa kuwa safi, na osha jembe kwa maji yenye dawa ya kupaushia nguo kabla ya kuhamia kitalu kingine.

Mmea ukishanyauka, hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya, hata ukilipa pesa nyingi agroveti. Ung'oe pamoja na udongo wa mizizi, uutie ndani ya mfuko usidondoke njiani, kisha uuchome au uuzike mbali na mfereji. Usiutupe kwenye mboji isiyopata moto wa kutosha, la sivyo utamrudisha mwenyewe pamoja na mbolea. Kiangazi cha Januari na Februari, lowesha udongo, uufunike kwa nailoni angavu, ukandamize kingo zake na uuache wiki sita. Jua litapunguza vijidudu vya tabaka la juu, ijapokuwa waliojificha chini zaidi hubaki.

Na kama plot ni ndogo, huna pa kuzungushia mazao? Jaza gunia udongo kutoka mahali pasipowahi kupandwa mtu wa ukoo wa nyanya, uchanganye na samadi iliyoiva, uliinue juu ya mawe maji ya bustani yasiingie. Humo nyanya zitapata pa kuanzia upya.

Kisha chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Chora vitalu vyako, na kwenye kila kimoja andika kilichopandwa msimu huu na ukoo wake. Mvua za Machi zikianza, lifungue kabla ya kugusa jembe.