Sauti ya Ofisini Nayo ni Amana

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunazungumzia kelele za ofisini. Wilayani Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, si ajabu kukuta watumishi kadhaa katika chumba kimoja kisicho na kuta za ndani. Mmoja anajumlisha malipo ya kahawa, wa pili anamsikiliza mkulima anayeulizia deni lake, wa tatu anazungumza na simu kwa sauti ya juu. Matokeo yake, hesabu huharibika, na siri ya mkulima husikika kwa kila aliye kwenye foleni.

Qur'ani Tukufu, katika Suratu Luqman aya ya 19, inatuamrisha kuinamisha sauti zetu, na inakumbusha ubaya wa mlio wa punda. Naye Abu Daud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.), alipokuwa katika itikafu msikitini, aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu. Akafunua pazia, akawakumbusha kuwa kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, hivyo wasiudhiane wala wasishindane kwa sauti. Ikiwa kisomo chenyewe hakimpi mtu haki ya kumuudhi jirani yake, itakuwaje maongezi ya simu?

Kelele huzaa kelele. Mwaka 1911 tabibu wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza kuwa mtu aliyezungukwa na kelele hupaza sauti bila kujitambua. Basi anayeanza kupayuka huwavuta na wenzake. Tena kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha sauti chumbani, na mvua ya masika ikipiga juu ya bati lisilo na dari, kila mmoja huzidisha.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mapazia mazito na majamvi hupunguza mwangwi. Kabati la majalada likisimamishwa kati ya meza huzuia sehemu ya sauti. Meza ya kupokelea wananchi iwe karibu na mlango, mbali na wenye kufanya hesabu. Simu zizimwe milio, na mwenye maongezi marefu atoke nje. Zaidi ya hayo, kitengwe chumba kidogo kwa mwenye jambo la siri, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa vikao ni amana.

Wakuu wa ofisi ndio waanze, kwa sababu mtumishi wa chini huona haya kumwambia mkubwa wake apunguze sauti. Mkulima aliyetembea tangu alfajiri ana haki ya kusikilizwa bila kufedheheshwa.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuhifadhi amana. Amin.