Kengele ya wizi ghalani: vihisi vya waya au visivyo na waya?

Mavuno yameingia stoo, na swali mnalonipigia sana ni moja: "Afisa, nifunge vihisi vya waya au visivyo na waya?"

Nianze na kosa langu. Mwaka jana nilimshauri kijana mmoja afunge visivyo na waya kwenye ghala la mahindi, kuta bati, paa bati. Tulijaribu mchana milango ikiwa wazi, king'ora kikalia vizuri nyumbani. Usiku mmoja wezi wakatoboa bati la nyuma, wakabeba magunia 14. Kihisi cha ndani kiliwaona, lakini ghala likiwa limefungwa, bati lilizuia mawimbi yasifike nyumbani. Hela ya mbegu ikaenda hivyo.

Visivyo na waya hutumia mawimbi ya redio na betri. Unafunga kwa siku moja, na ukihama unaondoka navyo. Vinafaa banda la kupanga au pampu iliyo mahali pa wazi. Shida ni bati, zege nene na betri. Nunua mfumo unaokujulisha betri ikiisha au kihisi kikipotea hewani. Vile vya bei chee vingi vinakufa kimya kimya.

Vya waya hupata umeme kutoka kisanduku kikuu, na bati haviwasumbui. Vinafaa jengo lako la kudumu. Shida ni gharama ya fundi, na panya wanaotafuna nyaya, kwa hiyo pitisha kwenye bomba la plastiki. Mwambie fundi aweke rizista mwisho wa kila laini, mwizi akikata waya king'ora kilie. Waya mrefu kati ya majengo pia huleta hatari ya radi.

Yapo masanduku yanayopokea aina zote mbili. Vyovyote utakavyochagua, kisanduku kiwe na betri ya akiba, maana umeme wetu mnaujua.

Kabla ya kutoboa ukuta, bandika kihisi kwa gundi ya karatasi, funga milango yote, mtu apite ndani, wewe sikiliza king'ora. Rudia ghala likiwa limejaa.

Yule kijana sasa ana waya ghalani, na pampuni ana kisicho na waya. Nipigieni kabla ya kununua, siyo baada ya kuibiwa.