Mfamasia Anayekwenda Ng'ambo Asome Kitabu cha Nani?

Mgonjwa amepimwa presha kliniki mara kadhaa, na kila mara inasoma 134 kwa 84. Je, ana shinikizo la juu la damu? Anayefanya mtihani wa Marekani atajibu ndiyo, kwa kuwa tangu 2017 madaktari wa moyo wa huko huhesabu ugonjwa huo kuanzia 130 kwa 80. Anayefanya wa Uingereza atajibu hapana, kwani mwongozo wa NICE huanzia 140 kwa 90. Wote wawili wamepata, kila mmoja kwa mtahini wake. Lakini mfamasia wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekesha na kitabu cha Kimarekani, kisha akaenda kutahiniwa London, atakosa swali ambalo nyumbani hulijibu kila siku.

Kwa hiyo swali la kitabu kipi ni bora halina jibu mpaka nchi itajwe. Wenzetu wengi hununua kwanza, tena kile kinene kuliko vyote, halafu ndipo wanauliza masharti. Mpango huo unagharimu. Bodi ya Marekani, NABP, inadai kwamba aliyehitimu kuanzia Januari 1, 2003 awe amesoma mtaala wa famasi wa miaka 5. Shahada ya Nairobi ni ya miaka 5. Ya Muhimbili ni ya miaka 4. Mhitimu wa miaka minne aiandikie bodi hiyo na kupata jibu la maandishi kabla hajatoa hata shilingi kwa ajili ya vitabu.

Masharti yakishajulikana, pakua mwongozo wa mtihani wenyewe. NABP na PEBC, bodi ya mitihani ya famasi ya Kanada, huchapisha bure orodha ya maeneo yanayotahiniwa na uzito wa kila eneo. Huo ndio utakaokuonyesha kwamba FPGEE, mtihani wa awali wa Marekani kwa waliosoma nje, haukomei kwenye dawa: una takwimu, uendeshaji wa famasi na mfumo wa afya wa nchi hiyo. Mtu aliyebobea katika famakolojia huweza kukwama hapo.

Sasa vitabu. Kwa Marekani, kile cha tiba cha DiPiro kinatosha kuwa nguzo, na RxPrep hutumiwa sana na wanaojiandaa kwa NAPLEX, mtihani wa leseni wa huko. Kwa Uingereza hakuna kinachoipita BNF, rejea ya dawa ya nchi hiyo, inayotoka tangu 1949 na ambayo nakala zake za karatasi hutolewa Machi na Septemba kila mwaka. Isikaririwe. Baadhi ya maswali ya mtihani wa GPhC, mamlaka ya famasi ya huko, huja pamoja na dondoo za rejea, na kinachopimwa ni kama unajua kutafuta dozi, tahadhari na mwingiliano wa dawa bila kupotea. Sehemu ya kwanza ya mtihani huo ni mahesabu matupu, maswali 40. Hapo kitabu cha mahesabu cha Ansel ni msaada mkubwa, ila kifanyie kazi kwa kalamu. Kukisoma kwa macho hakusaidii.

Kanada ina vitabu vya tiba vya chama chake cha wafamasia, CPhA, kikiwamo cha maradhi madogomadogo ambayo mteja huyaleta moja kwa moja dirishani. Lakini huko sehemu ya mwisho ya mtihani ni mazungumzo mbele ya mtu anayeigiza mgonjwa. Tafuta mwenzako mkae mfanye mazoezi kwa sauti. Na kwa wanaokwenda Ghuba: Prometric ni kampuni inayosimamia mitihani, haitoi leseni. Kitabu chenye jina hilo kwenye jalada hakijawa kitabu cha mamlaka ya Dubai wala ya Saudi Arabia.

Martindale, rejea kubwa ya dawa iliyoanza 1883, ni hazina, nami ningependa kuiona katika kila hospitali ya rufaa. Mtahiniwa haihitaji. Goodman na Gilman, ya famakolojia, ifunguliwe pale tu ambapo utendaji wa dawa umekuwa mgumu kueleweka.

Toleo nalo ni jambo la uhai wa watu. Kitabu cha 2018 kitakufundisha ranitidine kama dawa ya kawaida ya tindikali, wakati mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaomba watengenezaji waiondoe sokoni Aprili 2020. Mafaili ya kale yanayorushwa kwenye makundi ya simu yamejaa mambo ya namna hiyo. Zingatia pia majina na vipimo: salbutamol yetu kwa Wamarekani ni albuterol, glibenclamide ni glyburide, na sukari ya 7.0 kwa vipimo vyetu husomwa 126 Marekani. Anayezidisha kwa 18 bila kusita ameokoa dakika nyingi ndani ya chumba cha mtihani.

Bei ya vitabu hivi ni mzigo kwa mshahara wa hapa. Wafamasia wanne wanaokwenda nchi moja wanaweza kuchangia seti moja, na maktaba za vyuo vyetu vya famasi zina wajibu wa kuweka matoleo mapya, hata kama wanaoyaazima wanajiandaa kuondoka. Mwenye fedha za kitabu kimoja tu anunue cha tiba, cha nchi anayokwenda, toleo la karibuni, na aanze na sura za chanjo na kisukari. Malaria anaijua tayari.