Masomo ya Kijerumani na tafsiri

Masomo ya Kijerumani na tafsiri ni taaluma ya chuo kikuu inayomfundisha mwanafunzi kukimudu Kijerumani na kuhamisha maana kati ya lugha hiyo na lugha nyingine. Makala hii inahusu hasa tafsiri kati ya Kijerumani na Kiswahili. Nchini Tanzania taaluma hii ina umuhimu wa pekee, kwa sababu maandishi mengi ya utawala wa kikoloni wa Wajerumani yameandikwa kwa Kijerumani. Mtanzania asiyejua lugha hiyo hawezi kuisoma sehemu hiyo ya historia yake bila kumtegemea mtu mwingine.

Historia

Mwaka 1887 ilianzishwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako Kiswahili kilifundishwa kwa Wajerumani waliojiandaa kwenda Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa walimu walikuwamo wenyeji wa pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka eneo la Bagamoyo, alifundisha huko kuanzia 1900. Maandishi yake ni sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani.

Lugha hizi mbili ziliazimana maneno. Kiswahili kilipata "shule" kutoka Schule, na "hela" kutoka Heller, sarafu iliyoanza kutumika katika koloni mwaka 1904. Wajerumani nao waliandika Boma, Askari na Schauri (shauri) katika barua zao za kiofisi.

Mifano ya Kariakoo na Mchikichini

Majina ya katikati ya Dar es Salaam yanaonyesha kazi ya mfasiri. Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jina hilo halikutafsiriwa, lilitoholewa tu. Kata jirani ya Mchikichini ina maana ya "penye mchikichi". Kwa Kijerumani mtu angeweza kusema bei der Ölpalme, lakini barua yenye anwani hiyo haitafika. Jina la mahali huachwa kama lilivyo, na maana yake huelezwa pembeni ikihitajika.

Kinyume chake, katika nguo za mitumba, biashara inayojulikana sana katika Soko la Mchikichini maarufu kama Karume, lebo huweza kuwa na neno Baumwolle. Neno kwa neno ni "sufu ya mti", lakini maana yake ni pamba tu. Hapa anayefuata umbo la neno atapotosha.

Tofauti zinazomsumbua mwanafunzi

* Jinsia na ngeli: Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, yaani der, die na das. Katika neno ambatani, nomino ya mwisho ndiyo inayotawala: Schulbuch ni das kwa sababu Buch ni das. Katika Kiswahili nomino ya kwanza ndiyo inayotawala: kitabu cha shule kimepotea.
* Nafsi ya tatu: "amekuja" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kijerumani hulazimisha kuchagua er au sie, hivyo mfasiri hana budi kutafuta jibu katika matini nzima.
* Nafasi ya kitenzi: katika kishazi tegemezi cha Kijerumani kitenzi hukaa mwisho. Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, kama katika "haji". Mkalimani hulazimika kusubiri kabla ya kufungua kinywa.
* Namba: fünfundzwanzig ni "tano na ishirini", yaani 25. Asiyekuwa makini huandika 52.
* Saa: halb acht si saa nane na nusu. Ni nusu saa kabla ya acht, ambayo kwa Kiswahili ni saa mbili. Kwa hiyo jibu ni saa moja na nusu.
* Heshima na undugu: "shikamoo" haina neno lake katika Kijerumani. Onkel huweza kuwa mjomba, ami au baba mdogo, na hayo si mamoja.

Nyaraka za Kijerumani

Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizobaki nchini zimehifadhiwa katika Idara ya Kumbukumbu ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kujua Kijerumani cha leo hakutoshi kuzisoma. Nyingi ziliandikwa kwa mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambamo herufi e hufanana na n. Barua za Waswahili wa wakati huo mara nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Uchaguzi wa neno mmoja huweza kubadili historia. Matukio ya 1905 hadi 1907 huitwa katika Kijerumani cha wakati huo Aufstand, yaani "uasi". Watanzania huyaita Vita vya Majimaji. Neno "uasi" linachukulia kwamba mtawala alikuwa na haki ya kutiiwa. "Vita" linatambua pande mbili. Mfasiri wa waraka hana budi kuandika "uasi", kwa sababu ndivyo afisa alivyosema, lakini anapoeleza kwa maneno yake mwenyewe hafungwi na mtazamo wa afisa yule. Kutenganisha sauti hizo mbili ni somo kubwa la taaluma hii.

Fasihi

Riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, iliandikwa kwanza kwa Kikerewe. Mwandishi mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili, na ilichapishwa 1980. Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani, na sehemu ya kwanza ikaitwa Die Kinder der Regenmacher. Kichwa hicho hakitaji majina ya wahusika. Kinazungumzia watoto wa wagangaji wa mvua. Mfano huu unaonyesha kwamba msomaji anayelengwa huathiri hata jina la kitabu.

Mahali pa kusomea

Kijerumani hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Makerere. Nchini Kenya ni pia somo la mtihani wa sekondari. Dar es Salaam, Goethe-Institut iliyoko Upanga hutoa kozi na mitihani. Ngazi ni sita, kuanzia A1 hadi C2. Nchini Ujerumani, Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo vya Bayreuth, Leipzig na Hamburg.

Ngazi ya juu ya Kijerumani peke yake haimfanyi mtu kuwa mfasiri. Anayetafsiri kwa Kiswahili anahitaji Kiswahili kipana kuliko cha mazungumzo, pamoja na ujuzi wa mada: sheria kwa hati za ardhi, tiba kwa maelezo ya dawa, ufundi kwa mwongozo wa mashine.

Tazama pia

* Kijerumani
* Tafsiri
* Kariakoo
* Vita vya Majimaji