Kuivuka Norway kwa treni na meli: Mzazi abebe nini, aogope nini

Saa sita usiku mwezi Juni mjini Bodø, kaskazini mwa Norway, jua bado linawaka juu ya bahari. Mtoto wa miaka mitatu aliyezoea kulala giza linapoingia haoni sababu ya kufumba macho. Mama yake, aliyeshinda kwenye treni tangu asubuhi, anazo sababu zote.

Bodø ndiko reli inayotoka kusini inakoishia. Kutoka Oslo hadi Trondheim ni mwendo wa karibu saa saba, kisha Trondheim hadi Bodø kilomita 729, takriban saa kumi, zaidi ya mara moja na nusu ya umbali wa Nairobi hadi Mombasa. Anayetaka kufika mwisho wa nchi, Kirkenes, jirani kabisa na mpaka wa Urusi, hushuka hapo na kupanda meli.

Wengine huanza upande wa magharibi. Hupanda treni ya Oslo hadi Bergen, reli iliyofunguliwa mwaka 1909, kisha meli ya pwani inayopita bandari 34 hadi Kirkenes kwa takriban siku sita. Meli hizo zilianza mwaka 1893 kupeleka barua, mizigo na abiria kwenye miji ambayo barabara hazikuifikia, na hadi leo bado zinabeba mizigo. Ndiyo maana mtalii akiamka usiku husikia mizigo ikishushwa.

Safari hii si ya Wazungu peke yao. Norway imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na wapo Watanzania, Wakenya na Warundi walioolewa, wanaosoma au wanaofanya kazi huko. Ndugu wakija kuwatembelea wakati wa likizo, treni na meli huwa sehemu ya mipango. Kwa mwenye watoto, maandalizi ya afya yana uzito kuliko tiketi.

Treni ndiyo rahisi. Kwenye njia ndefu huwapo behewa la familia lenye sehemu ya watoto kuchezea, ila nafasi zake huwahiwa mapema. Baadhi ya wazazi huogopa mwinuko wa njia ya Bergen. Hofu hiyo haina msingi: kituo cha juu kabisa, Finse, kipo mita 1,222, chini kuliko Arusha. Kinachoweza kumsumbua mtoto ni masikio kuziba treni inapopanda na kushuka. Mchanga anyonyeshwe, mkubwa apewe kitu cha kutafuna. Sweta liwe karibu hata Juni, maana Finse theluji huwa bado ipo.

Bahari ndiyo inayotaka akili zaidi. Sehemu kubwa ya njia ya meli imekingwa na visiwa na maji yake ni tulivu, lakini yapo maeneo ya wazi, kama rasi ya Stad na mlango wa Vestfjorden kati ya Bodø na visiwa vya Lofoten. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Pemba kwa boti wakati wa kusi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kichefuchefu cha safari hutokea macho na sikio la ndani vinapoupa ubongo habari mbili tofauti: macho yanaona chumba kimetulia, sikio linahisi kinayumba. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio huteseka zaidi. Walio chini ya miaka 2 hupatwa kwa nadra. Dalili ya kwanza mara nyingi si kutapika. Mtoto hupauka, hupiga miayo, hukataa chakula na kuwa mkimya ghafla. Hapo ndipo pa kumnyang'anya simu au tableti, kumpeleka katikati ya meli ambako mtikisiko ni mdogo, na kumtazamisha mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Hewa ya nje husaidia, ila awe ameshikwa mkono muda wote. Maji ya huko ni baridi kiasi kwamba anayetumbukia huishiwa nguvu za kuogelea ndani ya dakika chache, hata kiangazi.

Kabla ya kupanda, mtoto ale chakula chepesi. Tumbo tupu halimsaidii. Akitapika, apewe maji kidogo kidogo, na pakiti za ORS zisikose kwenye mkoba. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, nyingi huleta usingizi, na kipimo cha mtu mzima kukatwa nusu si kipimo cha mtoto. Promethazine haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua. Mzazi azungumze na daktari au mfamasia kabla ya kusafiri, asisubiri mawimbi.

Usingizi wakati hakuna usiku

Juu ya mstari wa Aktiki, ambao treni huuvuka kwenye milima ya Saltfjellet, jua la kiangazi halizami. Bodø hali hiyo hudumu tangu mapema Juni hadi mapema Julai. Tromsø huanza Mei. Mwanga huuzuia mwili kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi, na mtoto asiyelala siku tatu huwa mgonjwa wa hasira na chakula. Dawa yake ni giza la kutengeneza: pazia zito, kuoga, hadithi, taa kuzimwa saa ileile kila siku.

Vyumba vya meli visivyo na dirisha ndivyo vya bei ya chini, na wengi huvidharau. Kwa familia yenye watoto wadogo vinafaa kuliko vyote, kwa kuwa vina giza.

Wanaohamia huko kwa muda mrefu hukutana na upande wa pili: Tromsø jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, hivyo ushauri wa kliniki kuhusu matone ya vitamini hiyo au mafuta ya ini la samaki usipuuzwe.

Homa iliyotoka nyumbani

Mbu wapo kaskazini mwa Norway, tena wengi, lakini hawaambukizi malaria. Hatari ni malaria iliyosafiri na mtoto. Inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa, wakati familia iko kwenye meli inatazama milima. Watoto waliozaliwa Ulaya, kisha wakapelekwa kumsalimia bibi Kigoma au Bukavu, hawana kinga ya kuwasaidia, na mtoto mdogo anaweza kuzidiwa ndani ya saa 24.

Daktari wa mji mdogo wa wavuvi huona mafua kila siku. Malaria huenda haoni mwaka mzima. Kwa hiyo mzazi aseme mwenyewe, mwanzoni, kabla hajaulizwa: mtoto ametoka nchi yenye malaria, tarehe fulani, na anaomba apimwe. Akijibiwa kuwa ni virusi vya kawaida, arudie ombi la kipimo.

Meli za pwani kwa kawaida hazina daktari, ila hutia nanga mara nyingi kwa siku na mgonjwa anaweza kushushwa bandari inayofuata. Wahudumu waambiwe mapema, homa inapoanza. Namba ya dharura ya matibabu ni 113. Ya kumpata daktari wa zamu kwa yasiyo ya dharura ni 116117. Ziandikwe pia kwenye karatasi, pamoja na majina ya dawa anazotumia mtoto na uzito wake kwa kilo, kwani njiani yapo mahandaki na milima ambako simu hukosa mtandao.