Nyenzo Nyepesi Zinazofyonza Mikrowevu, na Mgonjwa Mwenye Kifaa cha Moyo

Mikrowevu ndiyo mawimbi yanayobeba mawasiliano ya simu za mkononi, na ndiyo hayo hayo yanayopasha chakula moto jikoni. Wodini, ambako mashine, pampu za dawa na simu za jamaa hukaa karibu karibu, mawimbi ya chombo kimoja yaweza kuvuruga chombo kingine. Ndiyo maana mgonjwa aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hushauriwa kuiweka simu angalau sentimita 15 mbali nacho, wala asiibebe katika mfuko wa shati.

Bati huyazuia mawimbi, lakini kwa kuyarudisha, kama ukuta urudishavyo mwangwi. Yatokapo hapo huenda kwa chombo cha jirani. Kinachotakiwa ni kuyafyonza na kuyageuza joto. Hapa pana ugumu: kinachopitisha umeme vizuri mno huyakataa mawimbi mlangoni, na kisichoupitisha kabisa huyaacha yapite. Chembe za chuma zimetumika tangu zamani, nazo hufanya kazi, ila ni nzito.

Wabunifu wa leo huanza na kaboni. Grafini, iliyotenganishwa Manchester mwaka 2004, ina unene wa atomu moja tu. Ikiumbwa mfano wa sifongo, ambamo karibu pote ni hewa, mawimbi huingia bila kipingamizi, kisha hudundadunda kati ya kuta zake nyembamba. Kila mdundo husukuma elektroni, na nguvu ya wimbi hupotea kidogo kidogo. Mara nyingi huongezwa chembe chache za sumaku. Kipimo chao ni desibeli: hasi 10 maana yake asilimia 90 ya nguvu haikurudi, hasi 20, asilimia 99. Hata hivyo, tabaka lililopimwa unene kwa ajili ya masafa fulani laweza kushindwa kwa masafa mengine, jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Maana wapo wanaouza stika za kubandika simuni, ati za kukinga mionzi. Stika ikiziba antena, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Isitoshe, mikrowevu si eksirei: haina nguvu ya kuvunja vinasaba. Fedha hiyo heri inunue dawa.

Mwenye kifaa cha moyo akihisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio karibu na chombo cha umeme, na ajitenge nacho kwanza, kisha amweleze daktari wake.