Perege wa Uani

Wenzetu wa Kidatu wamejaliwa maji ya Ruaha Mkuu, na perege ni samaki wa asili ya bonde lile. Kijana mwenye kiwanja cha udongo wa mfinyanzi aweza kuchimba bwawa akapata kitoweo na fedha ya halali. Lakini twawatahadharisha: jike huanza kuzaa angali mdogo, akiatamia mayai kinywani. Bwawa hujaa vifaranga, chakula hakitoshi, wote hudumaa, na mnunuzi huwakataa. Dawa ni kufuga madume peke yao, maana ndio wakuao upesi. Wafikapo urefu wa kidole, watazameni chini ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Tengeni kwa uangalifu. Majike wachache wakisahauliwa humo, kazi ya miezi huharibika.